MAONI YA MWALIMU: Mgawo wa Umeme Huanza Bwawa Likiwa Bado na Maji

Kila ninaposahihisha insha kuhusu tatizo la umeme nchini, hukutana na sentensi ileile: "Mgawo wa umeme husababishwa na ukame." Huwa naipa alama, lakini si zote, kwa sababu jibu hilo ni nusu. Ukame hupunguza maji bwawani. Lakini taifa kuingia gizani au kutoingia hutegemea pia maamuzi yaliyofanywa miezi kadhaa kabla, maji yalipokuwa bado yapo. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Tuanze na Bwawa la Mtera, lililopo mpakani mwa mikoa ya Iringa na Dodoma katika Mto Ruaha Mkuu. Bwawa hili huhesabiwa kuwa limejaa maji yanapofika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi mita 690, mitambo haitakiwi kuendelea kufanya kazi. Kwa hiyo akiba yote ya kuzalishia umeme imo katika mita 8.5 za juu. Mitambo ya Mtera ina uwezo wa megawati 80, lakini maji yakishatoka hapo huteremka hadi Kidatu, mkoani Morogoro, na kuzungusha mitambo mingine ya megawati 204. Mtera ikipungukiwa, Kidatu nayo huyumba.

Mvua za bonde hilo hunyesha msimu mmoja kwa mwaka, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo maji yanayoingia ni machache kuliko yanayotoka, na jua nalo huchukua fungu lake kwa kuwa bwawa ni pana na kina chake si kirefu. Bwawa basi ni kama ghala la mkulima: kilichovunwa ndicho kitakacholiwa hadi mavuno yajayo. Mkulima mwenye busara akiona mavuno ni haba, hasubiri ghala liwe tupu ndipo apunguze mlo. Hupanga matumizi tangu siku anapofunga magunia.

Mwaka 2006 mimi nilikuwa kidato cha nne. Maji ya Mtera yalishuka mno na nchi ikaingia katika mgawo mkali. Tulisoma tukiwa tumezunguka taa moja ya chemli. Mafuta yakiisha, somo nalo limeisha. Serikali ililazimika kutafuta mitambo ya kukodi kwa dharura, na kila aliyewahi kwenda dukani akiwa na shida anajua kwamba mwenye haraka hununua kwa bei ya muuzaji. Miaka tisa baadaye, Oktoba 2015, upungufu wa maji ulilazimisha tena mitambo ya umeme wa maji izimwe.

Nini kifanyike? Kwanza, viwango vya tahadhari vipangwe mapema na vitangazwe: maji yakifika mita kadhaa ifikapo Juni, hatua fulani ichukuliwe bila kusubiri kikao. Pili, mitambo ya gesi asilia, kama ile ya Kinyerezi, itumike zaidi mara dalili za mvua haba zinapoonekana, ili maji yabaki bwawani. Matengenezo yake makubwa yafanywe wakati wa mvua, si kiangazi inapohitajika zaidi. Tatu, wananchi na viwanda waombwe kubana matumizi mapema. Kuzima taa chache mwezi Julai ni afadhali kuliko kukaa gizani mwezi Novemba.

Wapo watakaopinga. Watasema gesi hununuliwa ilhali maji huja bure, na kwamba ukiyatunza halafu mvua ikanyesha sana, yatamwagika bila faida. Ni kweli, tahadhari ina gharama. Lakini linganisha gharama hiyo na ya fundi wa kuchomelea anayekaa mchana kutwa bila kazi, au zahanati yenye jokofu la chanjo lisilo na umeme. Hasara ya kumwaga maji tunaihesabu kwa fedha. Hasara ya kukosa umeme huingia hadi chumba cha mtihani.

Wengine watasema tatizo hili limekwisha, kwa kuwa sasa tunalo Bwawa la Julius Nyerere lenye mashine tisa na uwezo wa megawati 2,115. Ni hatua kubwa, na bwawa lake huhifadhi maji mengi mara nyingi zaidi ya Mtera. Hata hivyo, tazama ramani. Ruaha Mkuu unaopita Mtera na Kidatu, na Kilombero unaopokea maji ya Kihansi, yote huingia Mto Rufiji, ambako bwawa hilo limejengwa. Ukame ukilipiga bonde moja, mabwawa hayo yote huguswa kwa pamoja. Tena megawati ni ukubwa wa sufuria tu. Maji ndiyo unga. Sufuria kubwa haipiki ugali bila unga.

Kwa hiyo gesi, jua, upepo na njia ya umeme inayotuunganisha na Kenya bado vinahitajika. Vivyo hivyo utunzaji wa bonde la Usangu, chanzo cha Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kwa wiki kadhaa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Mtahiniwa, ukiulizwa chanzo cha mgawo wa umeme, taja ukame, kisha endelea. Eleza nani alijua kwamba maji yanapungua, alijua lini, na alifanya nini. Ukame hatuwezi kuuzuia, lakini kwa Mtera huonekana tangu mvua zinapokoma, miezi mingi kabla ya giza.