Bei Iliyopigwa Mstari Si Kipimo cha Haki

Kila ufikapo mwezi wa Novemba, wauzaji wa programu za kompyuta kote ulimwenguni hutangaza mapunguzo makubwa ya bei, yale ambayo Wamarekani huyaita Black Friday. Wimbi la matangazo hayo haliishii Nairobi. Huteremka na barabara ya Namanga hadi Kitengela, Isinya na Kajiado mjini, ambako vyumba vya kukodi vimegeuzwa studio kwa magodoro ya ukutani, kompyuta moja na maikrofoni moja. Vijana wanaorekodi humo nyimbo za injili za Kimaasai, rapu za Sheng na kwaya za shule huulizana swali lile lile: plagini hii imeshuka kwa asilimia 85, je, tuinunue?

Maoni yangu ni kwamba swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Asilimia ya punguzo haimwelezi mnunuzi lolote kuhusu haki ya bei. Na kwa kuwa wengi wa wanunuzi hawa ni wanafunzi wetu, au waliokuwa wanafunzi wetu juzi tu, suala hili si la wanamuziki peke yao. Ni la walimu pia.

Kwa msomaji asiyezijua studio, plagini ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia ili ifanye kazi maalumu: kusawazisha sauti, kuipa mwangwi, kuizuia isipande na kushuka kupita kiasi, au kuiga ala kama vile piano na ngoma. Watafsiri wa programu za kompyuta wamezipa jina la programu jalizi, lakini studioni neno lililoshika ni plagini, nami nitalitumia hilo. Nyingi huiga mitambo ya zamani. Kompresa ya 1176, kwa mfano, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka wa 1967. Leo kijana ambaye hajawahi kuuona mtambo huo hata kwa picha anaweza kupakua mfano wake kwa dakika chache.

Hebu sasa tulitazame neno lenyewe. Punguzo ni nomino iliyotokana na kitenzi punguza, na mtu hawezi kupunguza kitu ambacho hakikuwapo. Kwa hivyo, muuzaji anayetangaza kwamba bei imeshuka kutoka dola 199 hadi dola 29 ametoa madai mawili kwa mpigo. Dai la kwanza ni la wazi, kwamba leo plagini inauzwa kwa dola 29. Dai la pili limejificha ndani ya neno, kwamba hapo awali watu walikuwa wakiinunua kwa dola 199. La kwanza tunaweza kulithibitisha papo hapo kwa kulipa. La pili hatulithibitishi kamwe, na ndilo linalotufanya tulipe.

Neno jingine la kuangaliwa ni okoa. Tangazo husema: okoa dola 170. Katika Kiswahili, anayeokolewa huwa yumo hatarini: majini, motoni au mikononi mwa adui. Kijana aliyetoa dola 29 mfukoni hakuokoa chochote. Ametumia dola 29. Huenda ametumia vyema, huenda ametumia vibaya, lakini zile dola 170 hazikuwa zake na wala hakuwa na nia ya kuzitoa. Lugha ya biashara imegeuza matumizi yakawa wokovu, nasi tumeipokea bila hata kupepesa macho.

Ajabu ni kwamba watu wa Kajiado wana shule nzuri ya mambo haya, nayo ni soko la mifugo. Katika mnada wa Ilbisil, ng'ombe hana bei iliyoandikwa kwenye pembe kisha ikapigwa mstari. Mnunuzi humtazama meno, humpapasa nundu, humtembeza, ndipo majadiliano yaanze. Ukame uliolikumba eneo hili kati ya mwaka wa 2020 na 2023 ulipoporomosha bei za mifugo, hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Ng'ombe walikuwa wamekonda, malisho yalikuwa yamekwisha, na mfugaji alilazimika kuuza kabla mnyama hajamfia. Bei ilishuka kwa kuwa kuna kitu kilichoishusha, tena kitu cha kuonekana kwa macho.

Je, ni nini kilichoishusha bei ya plagini? Haijakonda. Haiozi. Haijai ghalani hata muuzaji atake kuiondoa apate nafasi. Jawabu limo katika jinsi bidhaa hizi zinavyotengenezwa. Gharama kubwa hutumika mwanzoni, katika kuwalipa wahandisi wanaoandika programu. Baada ya hapo, kutoa nakala ya elfu moja au ya laki moja hakugharimu karibu chochote. Muuza unga akipunguza bei kwa asilimia 85 atafilisika kabla ya jua kutua, kwa sababu kila mfuko una mahindi, kinu na usafiri ndani yake. Muuza plagini anaweza kupunguza kwa kiasi hicho hicho na bado akapata faida katika kila nakala. Kwa hivyo huweka bei ya juu kwa yule mwenye haraka na pesa, na bei ya chini kwa yule mwenye subira. Hilo peke yake si dhambi. Kasoro huanza pale ambapo bei ya juu haitozwi mtu yeyote ila siku chache mwakani, ikawa imewekwa pale ili ipigwe mstari tu. Anayefuatilia bei hizi kwa miezi kadhaa atagundua kwamba baadhi ya plagini huwa katika punguzo karibu mwaka mzima. Punguzo lisilokoma ni bei ya kawaida iliyovishwa joho.

Wapo wanaofanya biashara kwa njia nyingine. Kampuni ya Valhalla DSP ya Marekani, inayosifika kwa plagini zake za mwangwi, imekuwa kwa miaka mingi ikiuza nyingi kati ya hizo kwa dola 50, na haina desturi ya mapunguzo. Anayenunua Machi hamwonei wivu anayenunua Novemba. Programu ya kurekodia ya Reaper huuzwa kwa dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ndogo, tena baada ya kuijaribu kikamilifu kwa siku 60, nayo huja na plagini zake za msingi. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisemi kwamba kila kinachotangazwa kwa kelele ni kibaya. Nasema tu kwamba kelele si ushahidi wa uzuri.

Basi bei ya haki ipimwe kwa nini? Naona kuna mambo manne ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuyapima kwa kalamu na karatasi.

La kwanza ni bei ya kawaida, yaani ile ambayo bidhaa imekuwa ikiuzwa kwayo katika miezi iliyopita, wala si ile iliyopigwa mstari. La pili ni kile ambacho mnunuzi anacho tayari. Programu kubwa za kurekodia huja na visawazishi, kompresa na mwangwi wa kutosha kwa kazi nyingi, na kununua kisawazishi cha tano kabla ya kukielewa cha kwanza ni sawa na kununua kamusi ya tano kabla ya kuifungua ya kwanza.

La tatu ni gharama kamili. Dola 29, kwa kiwango cha karibu shilingi 129 kwa dola, ni shilingi 3,741. Ukiongeza ushuru wa VAT wa asilimia 16, ambao kanuni za mwaka wa 2020 ziliwataka wauzaji wa mtandaoni walio ng'ambo pia wautoze, unafika karibu shilingi 4,340. Shilingi nayo ina mambo yake. Mnamo Januari 2024, dola moja ilipozidi shilingi 160, plagini iyo hiyo ingemgharimu kijana wa Kitengela takriban shilingi 900 zaidi hata kabla ya ushuru, na hakuna tangazo ambalo lingemwambia hivyo. Isitoshe, programu huzeeka. Apple ilipotoa mfumo wa macOS Catalina mwaka wa 2019, programu zote za biti 32 zilikoma kufanya kazi ndani yake. Na masharti huweza kubadilika. Machi 2023, kampuni ya Waves, iliyoanzishwa mwaka wa 1992, ilitangaza kwamba ingeacha kuuza leseni za kudumu na badala yake kutoza ada za kujisajili. Wateja walipiga kelele, na katika muda wa siku chache leseni zile zikarejeshwa. Tukio hilo lilikumbusha kila mnunuzi kwamba analolipia ni ruhusa ya kutumia, na kwamba ni wajibu wake kuyasoma masharti ya ruhusa hiyo.

La nne, na ndilo kuu, ni kazi ambayo bidhaa itafanya. Tuseme prodyuza hutoza shilingi 2,500 kwa kila wimbo, na plagini mpya itampunguzia kazi ya thamani ya shilingi 500 katika kila wimbo. Gharama ya shilingi 4,340 itarudi baada ya nyimbo tisa. Ikiwa nyimbo hizo zipo, bei ni ya haki kwake, hata kama bidhaa haikupunguzwa senti moja. Ikiwa hazipo, bei si ya haki kwake, hata ingeshushwa kwa asilimia 95. Bei ya haki haikai ndani ya bidhaa peke yake. Hukaa baina ya bidhaa na kazi ya mtu.

Kuna watakaonipinga kwa kusema kwamba biashara ni mapatano: mnunuzi ameiona bei, ameridhika, hakuna aliyemshika mkono. Hoja hiyo ina uzito, lakini huridhiki kwa haki ukiwa umeambiwa uongo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka wa 2012 nayo huhesabu kuwa ni udanganyifu kumwambia mteja kwamba kuna nafuu fulani ya bei ilhali haipo. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: tangu Mei 2022, mfanyabiashara anayetangaza punguzo la bidhaa hutakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Kanuni hiyo ililenga bidhaa za kushikika, lakini busara yake ni ya kila soko. Ingefaa wanaosimamia ushindani na haki za wateja hapa nchini waiige, iwabane wauzaji wa programu na pia maduka ya Kitengela yanayopiga mstari bei za sufuria na hedifoni.

Wengine watasema kwamba dawa ni kutumia nakala za wizi. Hapana. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, programu ya kompyuta imewekwa katika kundi la kazi za fasihi, pamoja na riwaya na tamthilia. Aliyeiandika ni mwandishi. Mwanamuziki anayedai redio imlipe kwa wimbo wake hawezi, kwa kinywa hicho hicho, kumnyima mwandishi wa programu ujira wake. Haki ya bei ina pande mbili. Lakini muuzaji naye akumbuke kwamba bei ya juu ya uongo humpa mwizi kisingizio. Kijana anayeona dola 199 huamua kwamba bidhaa si ya watu kama yeye, ilhali bei yake halisi ya dola 29 huenda angeimudu kwa kujinyima kidogo.

Nawageukia sasa walimu wenzangu. Mtaala wa Umilisi umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu, na mashindano ya muziki na drama yanahitaji sauti zilizorekodiwa vyema. Shule zitanunua programu hizi, na wanafunzi watazinunua kwa pesa za wazazi. Mwalimu wa hisabati afundishe asilimia kwa tangazo halisi, aulize asilimia 85 ya nini. Mwalimu wa Kiswahili afundishe uchambuzi wa lugha kwa tangazo hilo hilo, aulize ni madai mangapi yamo katika neno moja. Mwalimu wa muziki awatake wanafunzi wamalize wimbo mmoja kwa vifaa vilivyokuja na programu, ndipo wataje kilichopungua. Masomo hayo hayahitaji bajeti ya wizara.

Mfugaji wa Kajiado hakubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Haitakuwa vyema mwanawe, aliyesoma kuliko yeye na mwenye kompyuta mbele yake, alinunue gunia kwa sababu tu limeandikwa kwamba jana mbuzi aliyemo alikuwa ghali.