Roboti ielekezwe na anayelisha korona

KATIKA mashamba ya mkonge ya Korogwe, kuanzia Hale hadi Ngombezi, mkulima anajua kuwa jani likishakatwa halingoji. Likichelewa kufika kwenye korona, singa hushuka daraja na bei nayo hushuka. Ndiyo maana habari za roboti, ambazo kwa wengi husikika kama hadithi za Japani, zinamhusu naye.

Roboti hufanya kile ilichoelekezwa tu, na kwa miaka mingi maelekezo hayo yaliandikwa na wahandisi kwa lugha ya kompyuta. Mwaka 2008 kampuni ya Universal Robots ya Denmark ilianza kuuza mkono wa roboti ambao mfanyakazi wa kawaida huushika, akausogeza hadi anapotaka, akabonyeza kitufe, nao ukaikumbuka njia hiyo. Hakuna shahada inayodaiwa hapo.

Kwa wakulima wa mihogo wa Handeni upo mfano wa karibu zaidi. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA, hutazama jani kwa kamera na kueleza kwa Kiswahili kama lina batobato au michirizi kahawia, hata pasipo na mtandao. Michirizi kahawia ilielezwa kitaalamu mwaka 1936 na mtafiti wa Amani, hapo hapo mkoani Tanga. Leo mkulima anaweza kuitambua mwenyewe shambani.

Hata hivyo, Nuru hujibu tu. Mkulima hawezi kuifundisha. Hapo ndipo penye kasoro. Anayejua unene wa jani la mkonge ni yule anayelisha korona kila siku, si fundi wa Dar es Salaam. Mashine ikija na maelekezo ya Kiingereza na namba za siri, siku ikigoma majani yatakauka yakimsubiri fundi huyo, na nauli yake itakatwa kwenye mauzo ya wanachama. Powatila za enzi za Kilimo Kwanza, kaulimbiu ya mwaka 2009, baadhi ziliishia kuegeshwa kwa kukosa vipuri na mafundi.

SIDO na VETA waanze sasa kufundisha kazi hii kwa vitendo. Nao viongozi wa AMCOS wasisaini malipo ya mashine yoyote ya aina hiyo kabla mwanachama mmoja, asiye fundi, hajaielekeza kazi mpya mbele ya muuzaji, kwa Kiswahili.