Nauli ya Maharimu



Wasomaji wapenzi, wiki hii naomba ruhusa yenu niyaweke kando maswali mliyoniletea, nizungumze juu ya safari. Jambo lenyewe lilinifika nyumbani mwangu, likanifunza nisilolijua, ijapokuwa hukumu za safari nimezisomesha madrasa miaka mingi.

Dada yangu mkubwa ni mjane. Alipomaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi alirudi kwenye kazi yake ya kupika mahamri na mbaazi alfajiri, akaendelea kulea wajukuu, kupokea wageni na kuhudhuria kila arusi na kila maziko ya mtaa. Mwaka jana, mwezi wa Septemba, aliniita ukumbini kwake akaniwekea kibubu mbele yangu. "Mdogo wangu," akasema, "humu mna shilingi elfu kumi na mbili. Nataka kwenda mahali penye baridi, siku tatu, peke yangu. Sitaki mtu aniulize chai iko wapi."

Mahali alipopataka ni Kikopey, baina ya Gilgil na Nakuru. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa, na kila akirudi alimsimulia ziwa lionekanalo bondeni kutoka barabarani, na ndege wa waridi waliolizunguka. Miaka thelathini alilisikia ziwa hilo, asilione hata siku moja.

Wanawe walikataa, wakanijia niwape hukumu. Nikaitoa papo hapo: mwanamke hasafiri bila ya maharimu wake. Dada yangu alinisikiliza hadi mwisho, akachukua kibubu chake, akasema, "Basi." Neno hilo moja lilininyima usingizi.

Usiku ule niliikumbuka hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, iliyopokewa kwa Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yao. Mtu mmoja alimweleza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa mkewe ametoka kwenda kuhiji, naye ameandikwa jina katika vita. Mtume hakumwamrisha amrudishe mkewe nyumbani. Alimwamrisha yeye mume aache msafara wa vita, amfuate mkewe ahiji pamoja naye. Hadithi hiyo nimeisoma mara nyingi nikiitafutia katazo, wala sikuangalia kwamba mzigo wa amri ile uliwekwa mabegani mwa mwanamume. Asubuhi nikamwendea dada yangu nikamwambia, "Utakwenda. Nami nitakuwa nyuma yako, kwa nauli yangu, wala sitakuuliza chai."

Sasa niwaeleze tulivyoipanga, huenda ikamfaa mwengine.

Kwanza wakati. Tulichagua wiki ya pili ya Novemba. Shule nyingi zimekwisha fungwa, lakini mafuriko ya watu wa Desemba hayajaanza. Matatu hazijapandisha nauli, na vyumba viko wazi. Ndugu zetu waishio Ulaya wanaijua hesabu hii. Aendaye kwenye milima ya theluji mapema, kabla ya Krismasi, hulipa kidogo, ila hukubali kwamba huenda theluji haijashika vizuri. Kwetu badala ya theluji ni mvua za vuli. Basi chukua mwavuli, na matembezi yako yafanye asubuhi, kwani mvua za bara mara nyingi hunyesha alasiri.

Pili njia. Treni ya Madaraka kutoka Mombasa hadi Nairobi, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kata tiketi mapema kwa simu, na usisahau kitambulisho. Tulikata mabehewa mbalimbali, kwa ombi lake. Nairobi tulilala kwa jamaa zetu, asubuhi tukapanda matatu hadi Gilgil. Sharti langu lilikuwa moja tu, kwamba njia ile tuipite mchana, maana ina malori mengi na ajali zake si chache.

Tatu malazi. Hoteli za kando ya ziwa ni za wenye nafasi. Mjini Gilgil tulipata nyumba ya wageni, chumba safi kisicho na anasa, shilingi 1,500 kwa usiku, kwa kuwa ilikuwa katikati ya wiki. Mimi nilichukua chumba changu upande wa pili wa ua. Anayelala peke yake na auangalie ufunguo na komeo kabla ya kulipa, ampigie simu mtu wa nyumbani amtajie jina la nyumba, fedha azigawe mahali pawili, na nauli ya bodaboda aipatane kabla ya kupanda.

Nne mavazi na ibada. Ziwa Elementaita liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake humshangaza mtu wa pwani. Sweta na soksi nzito si anasa. Mwenye khofu za ngozi, akizivaa hali ana udhu, msafiri ana ruhusa ya kupaka maji juu yake siku tatu na usiku wake. Mtu wa baridi huijua thamani ya rehema hiyo. Na kwa kuwa tulinuia kukaa pale chini ya siku nne, tulipunguza adhuhuri, alasiri na isha kuwa rakaa mbili mbili, kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi.

Tano chakula. Kikopey imesifika kwa nyama choma. Gari halijasimama sawasawa, vijana wameshalizunguka, kila mmoja anakuvuta kwenye banda lake. Mteja huchagua pande la mbuzi, likapimwa kwa kilo, likachomwa, likaletwa kwa ugali na kachumbari. Aliye peke yake asione haya kuomba nusu kilo au robo, na aone mizani na asikie bei kabla nyama haijapanda motoni. Na aulize nani amechinja. Katika nchi yetu ni ada iliyozoeleka machinjioni kumweka Mwislamu achinje, nyama iuzike kwa kila mtu. Lakini ada haimwondolei mtu haki ya kuuliza. Tulipouliza, mwenye banda hakuudhika. Alimwita kijana aliyeleta nyama kutoka machinjioni, tukaridhika. Na kwa kuwa mabanda mengine huuza na vileo, tulifungiwa chetu kwenye karatasi tukaondoka nacho.

Asubuhi ya pili tulishuka ziwani kwa bodaboda mbili. Ziwa lile ni la magadi, na pamoja na Nakuru na Bogoria liliandikwa mwaka 2011 katika urithi wa dunia wa UNESCO. Upande wake wa kusini zimo chemchemi za maji moto, na heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, huja na kuhama baina ya maziwa ya bonde kwa kufuata chakula. Asiyewakuta asimlaumu mtu. Sisi tuliwakuta, si wengi, wamesimama kwenye maji ya kina kifupi kama watu wasio na haraka.

Nilikaa chini ya mgunga na kitabu changu, mbali kiasi cha kumwona bila ya kumsikia. Dada yangu alivua viatu, akatia miguu kwenye mkondo wa maji ya vuguvugu mbali kidogo na chemchemi. Akakaa. Saa ya kwanza nilihesabu mara ambazo angeniita, hakuniita. Saa ya pili niliacha kuhesabu. Nilitambua kwamba katika umri wangu wote sikuwahi kumwona dada yangu amekaa bila ya kitu mkononi: upawa, mtoto, ufagio au tasbihi. Mara mojamoja aliinua uso kutazama juu, upande wa barabara, yanakopita malori.

Tuliporudi Mombasa alinipa hesabu yake, kwa kuwa ni mwanamke wa biashara. Treni shilingi 3,000, matatu 1,000, chumba usiku mbili 3,000, bodaboda 900, chakula 1,800, na zawadi za wajukuu 500. Jumla shilingi 10,200. Shilingi 1,800 zilizobaki alizirudisha kwenye kibubu, akasema ni mwanzo wa safari ijayo. Kuhusu ziwa hakunisimulia neno. Lakini wanawe wananiambia kwamba siku hizi, akichoka, husema amechoka. Zamani hakuwa akisema.

Ndugu zangu wanaume, neno langu la wiki hii ni lenu. Tunaposimama mlangoni na hukumu mkononi, tujiulize kama tumesimama pia na nauli. Anayemwambia mama yake au dada yake "huendi bila ya maharimu" amesema kweli nusu. Nusu iliyobaki ni kuvaa viatu. Ukikosa wakati, mtafute ndugu au mpwa mwenye wakati, umlipie. Na ukienda naye, kaa mbali kidogo. Si kila anayetaka kuwa peke yake anawakimbia watu wake. Mwengine anataka siku tatu za kutoulizwa kitu.

Nanyi mama zangu, anzeni kibubu. Novemba haiko mbali.

Wallahu aalam. Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah, kwa maswali yenu.

Wassalaam alaykum.