Tuwapime Makinda wa Mchombe

Yakitajwa magonjwa ya ndege na mbu, mabishano hayakawii kuishia kwa ndege wahamiaji: eti wao ndio wanaotuletea virusi kutoka Ulaya. Hoja hii inaniudhi. Kirusi cha Nile Magharibi kiligunduliwa Uganda mwaka 1937, katika damu ya mwanamke mwenye homa. Cha Usutu kilipatikana kwa mbu kusini mwa Afrika mwaka 1959, zaidi ya miaka arobaini kabla hakijaua ndege mjini Vienna mwaka 2001. Hivi ni virusi vya kwetu, na safari yao ilianzia huku.

Wengine huuliza: mbona hatuoni mizoga? Kunguru wa New York walikufa kwa wingi mwaka 1999 kwa sababu kirusi cha Nile Magharibi kilikuwa kigeni kwao. Ndege waliozoeana nacho vizazi na vizazi wanaweza kukibeba bila dalili yoyote, na mbu akawanyonya na kuondoka nacho. Anayengoja mizoga ndipo apime ndege wa Bonde la Kilombero, Tanzania, atangoja sana.

Mbayuwayu kutoka Ulaya akikutwa na kingamwili, damu yake haisemi aliambukizwa nchi gani. Kinda aliyetotolewa mwaka huu kwenye matete ya Mchombe, katika bonde hilo, akishaishiwa kingamwili alizorithi kwa mama yake kisha akakutwa na zake mwenyewe, anatutajia mahali na msimu. Tena makinda wasio na kinga ndio wanaokipa kirusi pa kuishi kila mwaka. Ningeanza na mnana wa Kilombero, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1990 tu na asiye na makao kwingine duniani. Hujenga viota kwenye matete ya bonde hili la mafuriko, jirani na majaruba ya mpunga, na usiku mbu wa Kuleksi wanawinda damu hapo hapo. Tone moja la damu linatosha, kisha ndege aachiwe. Asije mtu akabomoa viota kwa kisingizio cha makala haya. Ndege hana kosa.

Mji wa Ifakara, humo humo bondeni, una wataalamu wa mbu wa kujivunia. Malaria imewachukulia muda wao mwingi, na ni haki. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta malaria kwa takriban mmoja tu kati ya kumi. Virusi, hasa vya njia ya hewa, ndivyo vilivyoongoza. Homa zetu zina sababu nyingi kuliko tulizozoea kupima.

Toleo hili lina makala kuhusu homa ya Bonde la Ufa kwa ng'ombe na nyingine kuhusu kwelea kwelea, zote zisomwe. Lakini ninyi wenye vibali na nyavu za kunasia ndege, ketini na watu wa mbu kabla ya masika. Matokeo ya makinda wa Mchombe, yawe ya kukuta kirusi au kukikosa, tutayapa kurasa za mbele.