Ratiba isiyoijua Idi

Kati ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2024, na Mei Mosi ya mwaka huohuo, ukihesabu Jumatatu hadi Ijumaa tu unapata siku 24. Sita kati ya hizo zilikuwa sikukuu nchini Tanzania: Ijumaa Kuu yenyewe, Jumatatu ya Pasaka, siku mbili za Idi el Fitri, Muungano na Mei Mosi. Siku ya Karume iliangukia Jumapili, la sivyo zingekuwa saba. Robo nzima ya siku za kazi ilikwenda na sikukuu, na zote zilijulikana mapema, isipokuwa Idi iliyokuwa na shaka ya siku moja. Sasa mfikirie mhandisi anayeketi Januari kupanga ujenzi wa zahanati kwa programu ya kompyuta, akaiacha kalenda kama alivyoikuta. Programu itamhesabia siku zote 24. Ratiba itachapwa, itagongwa mhuri na kubandikwa ukutani ikiwa na siku sita ambazo hazipo. Watu wengi hulichukulia hilo kama kosa dogo la kiufundi. Mimi naliona kuwa ni ahadi isiyo ya kweli, na anayeilipia mara nyingi si yule aliyeitoa.

Programu ya Microsoft Project, kwa mfano, huja na kalenda ya kawaida ya Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na saa moja ya chakula katikati. Haina sikukuu ya nchi yoyote. Mtumiaji ndiye anayepaswa kuziingiza, pamoja na Jumamosi za nusu siku na zamu za usiku. Zaidi ya hapo, hesabu zake za ndani hazifanywi kwa siku bali kwa dakika, na bila kuambiwa vinginevyo huchukulia kuwa siku moja ni saa nane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaruhusu hadi saa tisa kwa siku na saa 45 kwa wiki kabla ya muda wa ziada, kwa hiyo mpangaji anaweza kurefusha siku ya kazi kwenye kalenda hadi saa tisa bila kubadilisha ile tafsiri ya saa nane. Fundi akisema kazi itachukua siku kumi, programu huandika saa 80, kisha huzigawa kwa tisa, na kazi inaisha siku ya tisa. Makosa haya mawili, la sikukuu na la saa, yanavuta upande mmoja: yote yanaifanya kazi ionekane nyepesi kuliko ilivyo.

Wala dawa si kuzimimina sikukuu zote kwenye kila kazi. Zege halipumziki Pasaka. Chukua slabu iliyomwagwa Alhamisi, tarehe 28 Machi 2024, inayotakiwa kumwagiliwa maji siku saba mfululizo. Kimsingi kazi hiyo ilipaswa kuisha tarehe 4 Aprili. Lakini ikiingizwa kama kazi ya kawaida kwenye kalenda yenye sikukuu zote, programu itaruka Ijumaa Kuu, wikendi, Jumatatu ya Pasaka na siku mbili za Idi, na kutangaza kuwa umwagiliaji umeisha tarehe 12. Kuna siku nane za bure hapo, na kuna jambo baya zaidi: kwa mujibu wa ratiba, hakuna mtu aliyepangiwa kushika mpira wa maji siku ya Ijumaa Kuu, siku ya kwanza ambayo zege changa linahitaji maji kuliko wakati wowote. Mikataba nayo ina hesabu yake. Katika masharti ya FIDIC, yanayotumika katika miradi mingi mikubwa, neno siku lina maana ya siku ya kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Mkandarasi aliyepewa siku 28 za kutoa taarifa ya madai akizihesabu kwa kalenda ya ofisi yake atachelewa, na haki yake inaweza kupotea.

Kuna watakaosema: saiti nyingi hufanya kazi siku za sikukuu hata hivyo, kwa hiyo kuziandika ni kujidanganya. Wana ukweli wao, na ukweli huohuo ndio unaowapinga. Sheria niliyoitaja inataka anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Sikukuu ikiandikwa kwenye kalenda, kuifanyia kazi kunakuwa uamuzi unaoonekana, wenye gharama yake kwenye bajeti na jina la aliyeuidhinisha. Isipoandikwa, inageuka Jumatano kama Jumatano nyingine. Kibarua anayekwenda kuswali Idi anahesabika mtoro, na anayebaki analipwa kama kawaida kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha kuwa siku ile ilikuwa na hadhi tofauti. Hapa ndipo jambo hili linaponiuma. Mfungo na sala vya mtu havipaswi kuwa siku za akiba za kufidia mpango mbovu wa mwajiri.

Pingamizi zito zaidi ni la mwezi. Programu inaweza kurudia Krismasi kila mwaka kwa amri moja, lakini Idi hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na mwandamo hauamuliwi na kompyuta. Mwaka 2025 Falme za Kiarabu zilisali Idi el Fitri tarehe 30 Machi na jirani yao Oman tarehe 31. Serikali nazo hutangaza mapumziko ya ghafla: nchini Kenya, Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 ilitangazwa kuwa siku ya kuwakumbuka waliofariki katika mafuriko zikiwa zimebaki siku mbili tu. Hata hivyo, kutojua kama Idi ni Jumapili au Jumatatu si sawa na kutojua kama ipo. Zifungwe siku zote zinazowezekana, na mwezi ukionekana, aliyekabidhiwa kalenda aifungue ile isiyohitajika asubuhi hiyohiyo. Kurudisha siku moja ya kazi ni furaha kwa kila mtu. Kuipoteza bila kutarajia, huku lori la zege likiwa njiani, ni hasara.

Miradi inayovuka mipaka inahitaji kalenda zaidi ya moja, na programu hizi zinaruhusu. Kwa sheria ya Kenya, sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu inapumzikiwa. Tanzania haina utaratibu huo, ndiyo maana tarehe 8 Aprili 2024, siku moja baada ya Karume, ilikuwa ya kazi. Ofisi za Muscat hupumzika Ijumaa na Jumamosi, ilhali Serikali ya Falme za Kiarabu ilihamia Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, na Ijumaa kuwa nusu siku. Anayesubiri pampu kutoka China naye anapaswa kuujua mwaka mpya wa huko, ambao mwaka 2024 uliangukia tarehe 10 Februari.

Wapo wanaopendelea njia ya mkato: waache kalenda tupu, kisha waongeze wiki mbili za akiba mwishoni mwa mradi. Akiba ni jambo jema kwa mvua, kwa bomba lililopasuka, kwa mashine iliyogoma. Lakini akiba ya mwishoni haimwambii msimamizi kuwa ukaguzi wa nondo uliopangwa tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, hautakuwa na mkaguzi, na ikishaliwa na sikukuu zilizojulikana, mvua itakapokuja haitakuta kitu. Taasisi za umma zinazotangaza zabuni zinaweza kuanza na sharti moja lisilo na gharama: kila ratiba inayowasilishwa iambatanishwe na ukurasa wa kalenda yake, ukionyesha sikukuu zilizoingizwa, saa za kila siku, kazi zinazoendelea bila kupumzika, na jina la mtu atakayeirekebisha usiku ambao mwezi utaandama.