Kichomi cha Watoto wa Farasi na Matumizi Mabaya ya Dawa

Mwaka 1923, huko Sweden, mtaalamu Magnusson alitambua bakteria waletao kichomi kwa watoto wa farasi. Bakteria hao, ambao sasa huitwa Rhodococcus equi, hukaa katika udongo na mavi ya farasi. Huvutwa pamoja na vumbi, wakaingia ndani ya chembe za mapafu zenye kazi ya kumeza vijidudu, wakazaana humo na kufanya majipu.

Tangu miaka ya 1980 ugonjwa huu hutibiwa kwa rifampisini pamoja na erithromisini au dawa za jamii yake. Lakini baadaye, katika mashamba ya Kentucky, Marekani, watoto wa farasi walipimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na wenye majipu wakapewa dawa hata kama hawakuonyesha dalili yoyote. Uchunguzi uliofanywa Ujerumani umeonyesha kuwa wengi wenye majipu madogo hupona bila dawa.

Basi dawa hizo hazikupotea bure tu, zilidhuru. Bakteria dhaifu walikufa, sugu wakabaki, wakazaana na kuenea udongoni. Atakayelipa ni mtoto wa farasi atakayeugua sana kesho.

Yafaa atibiwe mgonjwa, si picha ya mapafu yake. Nasi Afrika ya Mashariki tusiseme farasi si wetu: rifampisini ndiyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu, na sheria ya uteuzi wa asili ifundishwayo darasani haibagui farasi na binadamu.