Changu wa Kiganja

Iko hoja iliyozoeleka miongoni mwa wanaovua kwa starehe: kwamba samaki mchanga ukimrudisha baharini, umemwekea mwenye juya kitoweo cha kesho. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini ndani yake mna uroho uliovishwa kanzu.

Mwenye ngalawa atokaye alfajiri kutafuta chakula cha wanawe ana udhuru wa njaa, hata tukimlaumu kwa matundu madogo ya nyavu zake. Wewe uliyekuja Jumapili na mshipi wako, barafu na chupa ya chai, una udhuru gani? Ulilolifuata ni ule mvuto wa mshipi mkononi, nao umekwisha kuupata. Ukimrudisha changu wa urefu wa kiganja, umepungukiwa nini? Ati juya litamkamata! Huenda. Lakini ukimtia ndooni, hiyo “huenda” umeifuta.

Changu wa kadiri hiyo huwa hajapata kutaga hata mara moja. Na jamii nyingi za chewa hupevuka wakiwa majike kwanza, kisha baadhi yao, wakizidi kukua, hugeuka madume. Amtoaye chewa angali mchanga huenda amemtoa mama na baba kwa ndoana moja.

Kule Malindi na Watamu, Kenya, sulisuli hutiwa alama na kuachiwa, na shirika la African Billfish Foundation, lililoanzishwa mwaka 1990, hufuatilia safari zao. Ni jambo jema. Lakini sulisuli ana sifa na picha. Changu mchanga hana wa kumpamba. Adabu inayongoja kamera haijawa adabu.

Na kurudisha nako kuna namna yake. Lowesha mikono kabla ya kumshika, maana utelezi wa ngozi yake ndio kinga yake. Usimrushe kama jiwe. Akiwa ameimeza ndoana, usiing’oe. Kata mshipi karibu na mdomo. Aliyepandishwa kutoka kina kirefu, tumbo likavimba kwa hewa, hushindwa kuzama tena. Kwa hiyo ukiona wadogo tu ndio wanaokula chambo, hama mahali. Usivushe mshipi wako juu ya wa jirani, wala usiuache uliokatika ukining’inia mwambani, kwani huendelea kunasa hali mwenyewe umelala.

Sisi watu wa visiwa hujivunia ustaarabu, na washairi wetu hawachoki kuchota mafumbo baharini. Ni ustaarabu gani huo unaokoma maji yanapoanza? Mwenye juya la kukokota ana sheria ya kumkabili. Wewe mwenye mshipi, mara nyingi hakuna akuonaye ila Mola wako na huyo samaki. Basi fungua vidole, aende zake.